Picha ya Bango la Tatu

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilirudi kwetu Pangani nikidhani kazi iliyobaki ni kuangalia minazi michache aliyoniachia marehemu baba, na kukaa barazani baada ya alasiri. Haikuwa hivyo. Katika mji mdogo mwalimu wa historia hastaafu. Akienda sokoni anaulizwa Abushiri alinyongwa lini, akienda msibani anaulizwa mwaka wa njaa fulani. Haukupita muda nikajikuta katibu wa kamati ya watu saba iliyotaka kufungua chumba cha makumbusho ya mji, upande wa chini wa nyumba kongwe ya mawe ambayo wenyewe walikubali tuitumie.

Vitu tulikuwa navyo. Watu walileta funguo za milango ya kale, rupia za Mjerumani, mitungi, cherehani isiyoshona tena, na sufuria moja kubwa la chuma, pana kiasi cha mtoto kulala ndani, lililotumika kuchemshia maji ya miwa katika mashamba ya sukari ya bonde la mto wetu karne ya 19. Nami nilileta bahasha yangu ya picha. Tulichokosa ni mtu wa kuyapanga hayo yote ili mgeni asiyetujua aingie, asome, aelewe, atoke. Nilizoea kudhani kwamba kazi hiyo ni ya fundi tu, mtu wa kupaka rangi na kuchapa. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi nilivyoachishwa mawazo hayo, na aliyeniachisha.

Fedha zilikuwa shilingi milioni tatu na ushei, michango ya wana-Pangani waliopo Dar es Salaam na Tanga pamoja na wageni wawili watatu. Niliandika hadidu za rejea mwenyewe, nusu ukurasa: mabango tisa, rangi nzuri, maandishi yanayosomeka. Leo nikiyatazama maneno yale nacheka. Ni sawa na kumwambia fundi mwashi akujengee nyumba nzuri yenye milango. Lakini tuliyabandika karibu na soko na kuyatuma Tanga kwa simu, nayo yakaleta watu watatu.

Wa kwanza ilikuwa kampuni ya mjini yenye ofisi na kiyoyozi. Profoma yao ilifika kabla hawajauliza chumba kina ukubwa gani: shilingi 2,400,000. Wa pili alikuwa mchoraji wetu wa hapa hapa, ambaye nusu ya maduka ya mji yanabeba mkono wake; alitaka 900,000 na rangi juu yetu. Wa tatu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliyesomea usanifu wa michoro Dar es Salaam na kufanyia kazi chumbani kwake kwa kompyuta yake mwenyewe. Alisema 1,850,000 pamoja na uchapaji, na risiti ya mashine atatoa.

Kamati ilikuwa tayari kumpa mchoraji wetu. Ni mtoto wa nyumbani, bei yake ni nusu, na mtu akifanya vibaya utamwona kesho asubuhi sokoni. Hoja hizi si za kudharauliwa. Lakini mtu aliyefundisha walimu miaka mingi kila jambo hulifanya mtihani. Chuoni kwetu hatukumkabidhi mwanachuo darasa mpaka afundishe somo moja mbele ya wakufunzi, tukiwa tumekaa nyuma na madaftari yetu. Nikapendekeza tuwape wote watatu kazi moja ile ile, picha moja na aya moja, na tumlipe kila mmoja shilingi 40,000 kwa taabu yake, maana si adabu kumtumikisha mtu bure kwa kisingizio cha kumjaribu. Mweka hazina alinuna, lakini ilipita.

Kazi niliyowachagulia ilikuwa ya bango la tatu, la biashara ya utumwa. Picha yenyewe naijua kama ninavyojua uso wa ndugu yangu. Wanaume kadhaa wamesimama safu moja, shingoni wamevishwa pete za chuma, mnyororo unapita kutoka mmoja hadi mwingine. Wanaitazama kamera. Nyuma yao amesimama mtu mwenye bunduki. Niliikata katika kitabu cha zamani kilichokwisha kung'oka jalada, na chini yake nilikuwa nimeandika, kwa hati yangu bora: Watumwa wakiteremshwa pwani, miaka ya 1860.

Hapana budi nieleze picha hii ilifika wapi. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1977 nchi ilihitaji walimu kwa maelfu, na vitabu havikutosha. Mimi nilikuwa mkufunzi kijana. Nilichukua karatasi ya manila, nikaikuza picha ile kwa penseli na rula kwa njia ya miraba, nikapaka wino, ikawa zana ya kufundishia. Kila mwaka wanachuo waliinakili, na kila aliyehitimu aliondoka na nakala yake imekunjwa ndani ya begi pamoja na chati za mfumo wa chakula na ramani ya Afrika. Walikwenda Handeni, Kondoa, Masasi, Kibondo. Niliifundishia hivyo miaka ipatayo thelathini, na nilijivunia. Nilipenda hasa kunyamaza kidogo baada ya kuifunua, darasa nalo linyamaze.

Baada ya wiki moja walirudi. Kampuni ilileta bango linalong'aa, maandishi ya rangi ya dhahabu yamepita juu ya vifua vya wale watu waliofungwa, na aya yangu wameifupisha bila kuuliza. Neno "bandari" limekuwa "bendera". Mchoraji wetu alikuwa ameiacha picha kabisa na kuchora yake, yenye machozi na damu na jua jekundu linalozama, na kusema kweli ilikuwa kazi ya mkono mzuri. Binti hakuleta bango. Alileta karatasi moja yenye maswali sita, na akaomba kuziona picha nyingine zote.

"Sasa tumelipa elfu arobaini kwa ajili ya maswali?" akauliza mweka hazina, wala hakuuliza kwa sauti ndogo.

Maswali mengine yalikuwa ya kawaida. Msomaji atasimama umbali gani? Watoto wa shule watakuwa wangapi kwa wakati mmoja, na wana kimo gani? Dirisha la magharibi litafungwa au jua la jioni litapiga ukutani, maana rangi ya kuchapwa hufifia? Kiswahili kitangulie au Kiingereza? Haya tuliyajibu. Swali la tano lilikuwa: picha hii imetoka wapi? Nikamwambia imetoka katika kitabu. Swali la sita hakulisoma. Aliniomba ruhusa akaanza kuzipanga picha za mabango yote tisa sakafuni, kwa mfuatano wake, kama mtu anayeanika dagaa.

"Shikamoo tena Mwalimu," alisema, kama wafanyavyo vijana wanapotaka kukuambia jambo zito. "Naomba uniangalizie huyu wa nyuma na hawa wa bango la tano. Mbona kofia ni moja?"

Bango la tano lilikuwa la utawala wa Kijerumani. Picha yake ilikuwa ya askari wa jeshi la Schutztruppe wamepigwa gwaride: tarbushi zilizovalishwa kitambaa cha kaki, nembo mbele, koti la kaki lenye vifungo, miguuni vitambaa vilivyozungushwa mpaka karibu na magoti. Nilichukua lenzi yangu ya kusomea. Mtu wa nyuma katika picha ya bango la tatu alikuwa na tarbushi ile, na koti lile, na miguu imefungwa vile vile. Nilikuwa nimemtazama mtu yule miaka thelathini na sikumwona, kwa sababu kwenye chati yangu nilikuwa nimemchora kanzu.

Naam, kanzu. Penseli yangu ndiyo iliyomvua sare. Sikukusudia kudanganya, kitabuni alikuwa na ukungu, nami nilijua kwamba mtu anayesimama nyuma ya watumwa lazima awe amevaa kanzu na kilemba, basi nikamvika.

Sikukubali siku ile. Nilimjibu yule binti kwa ukali ambao naukumbuka kwa aibu. Nilimwambia nimefundisha somo hili kabla mama yake hajazaliwa, jambo ambalo yawezekana lilikuwa kweli na halikuhusu kitu. Yeye akainamisha kichwa, akazikusanya picha, akasema, "Samahani Mwalimu, mimi naangalia nguo tu."

Usiku sikupata usingizi mwema. Lililonizuia kulala halikuwa kofia, lilikuwa neno la bibi yangu mzaa mama. Bibi alizaliwa wakati wa Mjerumani, na alipotaka kusema kwamba mtu fulani alifungwa jela enzi zile hakusema alifungwa. Alisema alitiwa mnyororo. Mjomba wake alitiwa mnyororo kwa ajili ya kodi. Jirani yake alitiwa mnyororo, akateka maji ya bomani siku nyingi. Tena alikuwa na lile neno la hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, ambalo watoto tulilitumia katika michezo bila kujua lilikotoka. Yote haya niliyasikia nikiwa na umri wa miaka saba. Nilipofika chuoni nikajifunza historia kutoka vitabuni, na maneno ya bibi nikayaweka mahali pake, yaani jikoni. Sikuwahi kuyaleta mbele ya picha ile.

Nitaeleza kwa kifupi mambo yalivyofuatana, kwa kuwa bila miaka hakuna ugomvi wa historia unaokwisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, na usafirishaji kwa njia ya bahari ukapigwa marufuku. Wafanyabiashara wakageukia njia ya nchi kavu, wakiwapitisha watu pwani kwa miguu kuelekea kaskazini. Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara hiyo nayo. Biashara haikukoma siku moja, lakini iliingia gizani, na mwenye msafara wa magendo hawapangi watu wake safu moja mchana kweupe ili wapigwe picha. Kamera zilikuwapo pwani kabla ya hapo, hilo si shaka. Hoja si kamera, hoja ni sare. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na Agosti mwaka ule ule mwakilishi wake, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuja kupandisha bendera hapa hapa Pangani. Mji ukakataa. Vita vikaenea Mrima yote, Abushiri bin Salim akiwa mbele. Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari aliowaajiri Misri, wengi wao Wasudani, na wengine aliowatoa Msumbiji. Mji wetu ukachukuliwa Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo mwenyewe aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mwaka huo ndipo jeshi lile lilipofanywa rasmi kuwa Schutztruppe. Askari mwenye sare ya namna ile katika miaka ya 1860 hakuwapo, kama ambavyo hakukuwa na baiskeli.

Wale watu wa pichani, basi, walikuwa wafungwa wa serikali. Picha za namna ile zilipigwa nyingi katika koloni, nyingine zikauzwa kama kadi za posta. Hazikuwa siri wala aibu kwa waliozipiga. Mfungwa alivishwa pete shingoni, akaunganishwa na wenzake, akatengeneza barabara, akateka maji, akabeba mizigo. Kodi ya nyumba ilipoletwa mwaka 1897, wapo walioshindwa kulipa wakalazimishwa kuifanyia kazi. Miaka michache kabla, 1893, mtaalamu Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wetu. Mashamba yalihitaji mikono, barabara zilihitaji mikono, na mnyororo ulikuwa njia moja ya kuipata.

Nikampigia simu binti asubuhi. Nilimwambia ana haki, na kwamba kamati inaomba aanze kazi, nikijua wazi kwamba kamati haijaomba chochote. Yeye akaniambia tayari ameshaitafuta picha usiku ule kwenye mtandao. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 zitazamwe na kutumiwa na watu wote kwa masharti mepesi, na humo zimo nyingi za koloni hili. Yetu yenyewe hakuipata, lakini alipata ndugu zake: minyororo ile ile, kofia ile ile, maelezo ya Kijerumani yakisema wafungwa.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza, wala haukuwa na yule binti. Niliipeleka habari kwenye kikao nikidhani nitaonewa huruma. Kumbe nilikuwa nimempa kila mtu silaha. Mzee mmoja ambaye babu zake walikuwa na mashamba ya miwa alifurahi waziwazi. "Mnaona? Miaka yote mnatutukana, kumbe minyororo ni ya Mjerumani!" Akapendekeza bango la tatu lifutwe. Nahodha mstaafu akamwunga mkono kwa sababu nyingine: mambo ya utumwa yataamsha utesi, mjini humu watu wanajuana nani mjukuu wa nani. Mwingine akasema pasipo picha hapana ushahidi, na bango lisilo na picha nani atalitazama.

Niliwaeleza ninavyoamini hata leo. Picha ikiondoka, jambo haliondoki. Watumwa walikuwapo mji huu. Waliokata miwa na kuchemsha sukari katika sufuria kama lile tulilolipokea kwa furaha hawakuwa vibarua. Abushiri tunayemheshimu, nami namheshimu, alikuwa mwenye shamba la miwa, na shamba lilikuwa na watumwa. Tena Mjerumani aliyekuja akijinadi kwamba anakomesha utumwa hakuukomesha. Alichofanya, kwa amri ya mwaka 1904, ni kusema kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliokwisha kuzaliwa wakabaki walivyo, mpaka sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kwa hiyo katika mji huu huu, katika siku moja, mtu mmoja aliweza kuwa mtumwa shambani na mwingine mfungwa wa mnyororo barabarani, na kila mmoja ana haki ya bango lake. Nilikuwa nimewanyang'anya wafungwa bango lao nikawapa watumwa, na watumwa nao nikawaacha bila chochote cha kwao.

Mzee mwenye babu wa mashamba hakunijibu. Alivuta kofia yake mbele. Tulipiga kura, wanne kwa watatu, bango likabaki.

Likabaki, lakini na nini? Hili aliliamua binti, nasi tukalipinga kwa wiki mbili. Alitaka sufuria la chuma liwekwe chini, sakafuni, chini ya bango. Juu yake maandishi machache makubwa, na miaka mitatu, 1873, 1876, 1922. Nusu ya juu ya bango iwe rangi tupu ya kahawia, bila picha. Mweka hazina akauliza kama tunalipia nafasi tupu kwa bei ile ile ya nafasi iliyoandikwa. Binti akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, baba, kwa sababu nafasi tupu nayo inapangwa. Sikuelewa mpaka nilipoliona limetundikwa. Mtu anayeingia hutafuta picha pale juu, haioni, ndipo anapoinamia sufuria.

Picha ya minyororo ilihamia bango la tano, karibu na gwaride la askari, ili kila mwenye macho aone kofia kama alivyoziona yeye. Maelezo yake tuliyaandika mara nne. Yalivyo sasa yanasema: Wafungwa wa serikali ya Kijerumani wakiwa minyororoni, chini ya ulinzi wa askari. Majina yao hayakuandikwa.

Habari ya Boma, ile simulizi inayojulikana kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake, ilitula kikao kizima, nami sitaki kuirudia. Tuliiweka na neno "husimuliwa" mbele yake, watu wote wakakasirika sawasawa.

Kwa faida ya wenzangu wanaofikiria kufungua vyumba kama chetu, nitasema kidogo juu ya makubaliano, maana makubaliano tuliyotia saini hatimaye hayakufanana na ile nusu karatasi yangu. Sehemu kubwa aliyadai binti mwenyewe, nami nilidhani anajilinda; baadaye niliona anatulinda wote. Malipo yalikuwa mafungu matatu: theluthi moja kuanza, nyingine baada ya kuidhinisha sampuli, ya mwisho mabango yakiwa ukutani. Masahihisho yalikuwa mara mbili, si zaidi. Mara ya tatu analipwa. Hilo la masahihisho lilinitisha, kwa kuwa sisi wazee tunapenda kusahihisha kama tunavyopenda kahawa. Kila picha ilipaswa kuwa na karatasi yake: imetoka wapi, ya nani, nani ameruhusu, maana nchi inayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 nasi tulikuwa tunachukua tu. Kazi yenyewe, yaani mafaili ya kompyuta, ikabidhiwe makumbusho kwenye flashi mbili, ili bango likiharibika baada ya miaka mitano tuchapishe jingine bila kumtafuta yeye. Herufi zikawa kubwa kiasi cha kusomeka hatua mbili kutoka ukutani, na mabango yakateremshwa chini kidogo kuliko watu wazima tulivyopenda, kwa ajili ya watoto. Mimi nalipinga hilo. Sasa nainama kusoma, na mgongo unaniuma, na watoto wanasoma.

Lililo muhimu kuliko yote lilikuwa kwamba sampuli ya kila bango itiwe saini na wajumbe wawili kabla ya kuchapwa, na baada ya saini kosa ni la aliyetia saini. Nikatia saini mabango yote tisa. Bango la nne lilitoka likisema kwamba Abushiri alinyongwa tarehe 15 Desemba 1898. Nilitafuta nakala ya sampuli nikiwa na hakika nitamkamata fundi. Ilisema 1898, na pembeni ilikuwa saini yangu, ndefu, ya mkuu wa chuo. Gharama ya kulirudia ilikuwa shilingi 95,000 na niliilipa kutoka pensheni yangu bila kuwaambia wajumbe. Naona sasa wameshajua.

Mchoraji wetu hakuachwa. Alipewa ubao wa nje na mlango, na ubao ule, kwa maoni yangu, ndio kitu kizuri kuliko vyote kwa macho. Hata hivyo hajanisamehe vizuri.

Chumba kilifunguliwa. Miezi miwili baadaye akaja mwalimu mmoja na wanafunzi wake wa darasa la sita, kutoka shule ya bara ya mkoa wetu. Alinifahamu kabla sijamfahamu. Alihitimu mikononi mwangu miaka ya themanini, naye sasa ana mvi. Tulisalimiana kwa furaha. Niliwaacha wazunguke wenyewe. Alipofika bango la tano aliwasimamisha watoto mbele ya picha ya minyororo, akanyamaza kidogo, watoto nao wakanyamaza, kisha akaanza: "Hawa ni watumwa wakiteremshwa pwani, miaka ya 1860." Maneno yangu, hata pumzi yangu. Maelezo yalikuwa mbele yake, kwa herufi kubwa, na hakuyasoma, kwa nini ayasome? Picha ile aliijua.

Mtoto mmoja wa kike aliyasoma kwa sauti, "Wafungwa wa serikali ya Kijerumani," akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akanitazama mimi.

Niliwaeleza, wote pamoja, nikimwita mwalimu "mwenzangu" kila mara ili asiaibike mbele ya watoto. Aliniuliza, tulipokuwa tunawasindikiza kwenye gari, kama nimewaandikia wenzake. Nilisema ni wengi mno na wengine wametangulia mbele ya haki. Akasema yeye ana namba za simu za kumi na wanane wa mwaka wake.

Tangu siku ile nimeandika jumbe nyingi kwa simu, kwa kidole kimoja. Wengine hujibu, wengine hutuma picha za wajukuu. Wawili wamenitumia picha ya chati ile ile, moja imetoboka kwa mende, mtu wa nyuma bado yumo na kanzu yake.

Ya kwangu nilikuwa nayo sandukuni. Niliitoa, nikampigia simu binti, nikamwambia nataka iwe bango la kumi, itundikwe karibu na mlango, na maelezo yake yaseme nani aliichora, mwaka gani, na amekosea wapi. Nilidhani atasema Mwalimu usijidhalilishe, na nilikuwa na jibu. Alinyamaza kidogo simuni. Kisha akaniambia makubaliano yalikuwa ya mabango tisa, kwa hiyo la kumi atalitoza peke yake, na safari hii angependa sampuli itiwe saini na mtu mwingine.